Chui Alalaye Jikoni

Paka wetu anaitwa Chui. Jina hilo alipewa na bibi yangu asubuhi aliyoletwa nyumbani, akiwa mdogo hata angeenea kwenye kata ya kuchotea maji. Alizaliwa mwaloni, hapa Ujiji, chini ya kichanja cha kuanikia dagaa, na mama yake alikuwa paka wa kijivu asiye na mwenyewe. Watoto walikuwa wanne. Watatu walitoka na kijivu cha mama yao chenye mistari, wale paka tunaopishana nao kila siku bila kuwatazama. Wa nne alitoka na madoa: meusi, ya mviringo, yamejipanga ubavuni kama mtu aliyechovya kidole kwenye masizi ya sufuria akagusa, akanyanyua, akagusa tena. Mkiani pete, miguuni vikuku, tumboni vitone kama punje za kunde.

Bibi alimlaza chali kiganjani, akamwangalia kwa muda.

"Huyu," akasema, "Mungu alipompaka rangi hakuwa na haraka."

Naandika habari zake kwa sababu madoa hayo nusura yamuue, na miezi michache baadaye nusura yamuuze. Walikuja watu wawili mlangoni kwa Bibi, mmoja akitaka aondolewe, mwingine akitaka anunuliwe, na wote wawili walikuja na neno moja mdomoni: huyu ana damu ya porini.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa upande wa bondeni, mama anayefuga kuku wa kienyeji na kuwalisha pumba kwa jasho lake mwenyewe. Ndani ya wiki mbili alikuwa amepoteza vifaranga sita. Mimi naishi Mwanga, upande wa mjini Kigoma, lakini Ijumaa jioni huteremka Ujiji kwa Bibi na kukaa hadi Jumapili, kwa hiyo siku aliyokuja nilikuwapo. Ilikuwa baada ya alasiri. Bibi alikuwa chini ya mchikichi anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

"Sikai sana. Nimekuja kwa heshima. Yule mnyama wenu si paka."

"Ni nini basi?"

"Paka gani ana madoa yale, Bi Mkubwa? Ile ni damu ya porini. Leo vifaranga, kesho jogoo. Mimi nimeshanunua dawa ya panya, na dagaa ninao. Nimeona nikwambie kwanza."

Hakuwa na ubaya. Mtu aliyepoteza vifaranga sita ana haki ya kuwa na uchungu, na kule kuja kusema kwanza kulikuwa ni uungwana. Bibi alimwomba siku saba. Jirani alipoondoka, Bibi aliniangalia mimi. Ninafundisha Baiolojia sekondari. Kila mwaka nachora ubaoni njegere za Mendel, yule mtawa aliyeeleza jinsi sifa za wazazi zinavyorithiwa, ndefu na fupi, za kijani na za njano, na wanafunzi wanapata maksi zao. Lakini Bibi aliponiuliza, "Mwalimu, huyu ni paka au si paka?" niliweza kumjibu tu kwamba ni paka. Aliponiuliza nimejuaje, nikanyamaza.

Kwa Bibi mwenyewe swali halikuwa zito. Yeye ameshika hadithi ya Mtume ambamo paka ametajwa kuwa si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Chui akinywa kwenye ndoo ya maji ya udhu, Bibi hamwagi, anaendelea kutawadha. Lakini alitaka jibu la kumpelekea jirani, na jibu hilo lilikuwa juu yangu.

Nikaanza na mondo, kwa sababu ndiye mnyama anayetajwa kila paka wa madoa anapoonekana. Mondo ni paka wa mwituni, wa nyikani kwenye majani marefu karibu na maji. Ana madoa, ndiyo. Ila ukishamwona vizuri humchanganyi na mwingine tena. Miguu yake ni mirefu kuliko ya paka yeyote ukiilinganisha na mwili. Masikio ni makubwa, yamekaribiana juu ya kichwa, na mgongoni mwa kila sikio kuna weusi uliokatwa na baka jeupe. Mkia ni mfupi, hauvuki sana magoti. Dume kubwa hufika kilo kumi na nane. Anawinda panya kwa kusikiliza, kisha anaruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Chui wetu nilimpima kwenye mizani ya dagaa: kilo tatu na robo.

Wengine husema kanu. Kanu ana madoa na mkia mrefu wa pete, anapanda michikichi usiku, na vifaranga anavila kweli. Lakini kanu hata si paka. Ni ndugu wa fungo, uso umechongoka, mwili mrefu kama soksi iliyovutwa. Watu wa hapa wanamjua, ila kwa kumwona mara moja gizani kwenye mwanga wa tochi, na gizani kila chenye madoa hufanana.

Nilipokuwa katikati ya mambo hayo, siku saba za jirani zikaisha. Bibi hakungoja jibu langu. Alituma matenga mawili makubwa yakawafunike vifaranga mchana, na fundi akaja kuziba banda kwa wavu hadi chini. Vifaranga vikaacha kupotea. Aliyekuwa akivichukua hakuonekana, na jirani hakusema kwamba hakuwa Chui. Alisema tu, "Tutaona."

Mgeni wa pili alikuja na pikipiki, miezi miwili baadaye. Kijana mtanashati, mtoto wa watu tunaowafahamu kwa mbali. Aliamkia, akakaa, akanywa maji, kisha akatoa simu na kuanza kumpiga Chui picha: ubavu, mkia, uso. Akatuonyesha picha nyingine kutoka mtandaoni za paka mrefu mwenye madoa akiwa amefungwa ukanda kama mbwa. Huyo anaitwa Savannah, akasema. Huko nje anauzwa maelfu ya dola. Yeye ana mtu Dar es Salaam anayetafuta wa kwetu, na kwa Chui angetoa laki nne hapo hapo.

"Mama yake huyu," akasema kwa uhakika, "alipandwa na mondo."

Bibi akamwuliza, "Na huyo mondo alifuata nini mwaloni, baba? Dagaa?"

Kijana alicheka kidogo. Kisha akasema jambo lililonifanya niandike makala haya. Alisema kama huyu hatuuzi, basi tukimjua mwindaji yeyote anayeweza kupata mtoto wa mondo, akiwa mchanga bado macho hayajafunguka, tumpigie yeye. Pesa ipo.

Nilimwambia palepale kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata wala kufuga mnyamapori bila kibali, na kwamba mtoto wa mondo hapatikani mpaka mama yake auawe au afukuzwe. Aliondoka kwa adabu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza ni mapori mangapi kati ya hapa na Tabora ambako simu ya namna ile imeshapigwa na kupokelewa.

Sasa tuzungumze habari za Savannah, maana jina hilo linazunguka kwenye simu za vijana na wengi wanaosimulia wanasimulia vibaya. Ni kweli ana mondo ndani yake. Tarehe 7 Aprili 1986, kule Pennsylvania, Marekani, kwa mfugaji aitwaye Judee Frank, paka wa nyumbani wa aina ya Siamese alizaa mtoto jike aliyetungwa na mondo dume. Mtoto akaitwa Savannah, na jina la mtoto likawa jina la aina nzima. Lakini angalia ugumu wake. Paka hubeba mimba siku sitini na tatu hadi sitini na tano hivi, mondo husogea hadi sabini na nne, kwa hiyo watoto chotara huweza kuzaliwa kabla hawajaiva. Madume wa vizazi vya mwanzo ni tasa. Imewachukua wafugaji miaka mingi ya kupandisha na kuchagua hadi kupata paka wa kukaa na watu, na bado Australia mwaka 2008 ilikataa kuwaingiza nchini ikihofia wanyama wake wadogo. Jambo kama hilo halitokei kwa bahati chini ya kichanja cha dagaa.

Bengal, aina nyingine ya paka wa madoa, naye ana mwitu ndani yake, ila mwitu wa Asia. Jean Mill wa California alimpandisha paka wa nyumbani na paka-chui mdogo wa Asia kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na kazi yenyewe ya kujenga aina hiyo ikafanyika miaka ya 1980.

Kama ningeishia kwa hao wawili, jirani yetu na kijana wa pikipiki wangekuwa na hoja. Aliyenigeuza ni paka wa tatu.

Mwaka 1964, katika mji wa Berkley, Michigan, mama mmoja mfugaji, Virginia Daly, alikuwa akipandisha Siamese na Abyssinian. Wote wawili ni paka wa nyumbani. Siamese ana uso na miguu ya giza, Abyssinian ana manyoya yaliyochanganyika rangi mwili mzima, na hakuna kati yao mwenye doa. Alichokuwa akikitafuta ni Siamese mwenye alama za Abyssinian. Kizazi cha kwanza kikapita kawaida. Kizazi cha pili akatokea dume wa rangi ya pembe ya ndovu mwenye madoa ya dhahabu mwili mzima. Akaitwa Tonga. Binti wa Daly alipomwona akamlinganisha na ocelot, yule paka wa madoa wa misitu ya Amerika, akamwita ocicat. Tonga aliuzwa kama paka wa kawaida na akahasiwa. Baadaye mtaalamu wa jenetiki, Clyde Keeler, aliposikia habari zake, alionyesha hamu ya kuona paka wa madoa kama wale wa Misri ya kale, na Daly akarudia uzao ule ule. Leo Ocicat ni aina kamili, anafanana na mnyama wa mwituni kuliko wengi, na hana hata tone la mwitu.

Niliposoma hayo nilirudi kwenye ubao wangu wa Mendel kwa heshima mpya. Wazazi wasio na madoa, mjukuu mwenye madoa. Madoa yalikuwamo muda wote, yamefunikwa.

Na ndivyo ilivyo kwa paka karibu wote. Mchoro wa paka hauandikwi kwenye manyoya, unaandikwa kwenye ngozi ya kijusi tumboni kabla unywele wa kwanza haujachomoza. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha hilo: ngozi ya kijusi hunenepa sehemu na kubaki nyembamba sehemu, na jeni iitwayo Dkk4 ni mojawapo ya zinazopanga wapi patakuwa giza na wapi patakuwa peupe. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu, mchoro hausomeki tena, manyoya yanachanganyika kama ya Abyssinian. Jeni nyingine, Taqpep, ilielezwa mwaka 2012. Ikiwa nzima, paka anapata mistari myembamba kama mbavu za samaki. Ikiwa na kasoro pande zote mbili, ya baba na ya mama, mistari inaungana na kuwa mabaka mapana yaliyojikunja. Kasoro kwenye jeni hiyo hiyo ndiyo inayomfanya duma mmoja mmoja wa kusini mwa Afrika azaliwe na michirizi minene mgongoni badala ya madoa, yule aitwaye duma mfalme. Na madoa ya mviringo kama ya Chui? Hayo huwa ni mistari iliyokatika. Jeni nyingine ndogondogo huikata mistari vipande, hapa kidogo, pale zaidi, na ndiyo maana Chui amezaliwa tumbo moja na ndugu watatu wa mistari. Wote wanne wameandikwa kwa kalamu moja. Yake ilikuwa inanyanyuliwa.

Nilipomweleza Bibi alisema, "Si ndiyo niliyosema? Hakuwa na haraka."

Lipo jambo jingine ambalo ningependa jirani yetu alisikie. Mwitu wa kweli wa paka wa nyumbani ni kimburu. Paka wote wa majumbani duniani wametokana naye, na Mashariki ya Kati ndiko alikoanza kukaa na wakulima kwa ajili ya panya wa ghalani. Kaburi moja la Saiprasi, lenye umri wa miaka 9,500 hivi, lilikutwa na mtu na paka wamezikwa karibu. Kimburu yupo Tanzania hadi leo, na yeye kweli huzaa na paka wetu. Kuchanganyika huko ndiyo hatari yake kubwa, kwa sababu ukoo wake unayeyuka ndani ya ukoo wa paka wa vijijini. Lakini kimburu hana madoa ya kutisha. Ni wa rangi ya mchanga au kijivu, mistari hafifu, miguu mirefu, nyuma ya masikio pana wekundu wa kutu. Kwa hiyo kama kuna paka Ujiji mwenye damu ya porini iliyo karibu, kuna uwezekano mkubwa ni yule wa kijivu aliyelala barazani kwa mtu, ambaye hakuna anayemtilia shaka.

Na sasa nifike kwa paka niliyempenda kuliko wote niliowasoma. Nitakaa naye kidogo.

Pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Mwaka 1978, karibu na Watamu, Jeni Slater, mchoraji wa wanyama, alikuta paka na watoto wake katika shamba la minazi. Walikuwa wembamba, wenye miguu mirefu, na manyoya yao hayakufanana na aliyowahi kuona. Akachukua watoto wawili, dume na jike, akawalea nyumbani, wakazaa, na uzao ukatoka vile vile. Miaka ya 1980 rafiki yake, Gloria Moeldrup, akapeleka baadhi yao Denmark. Mwaka 1993 shirikisho la wafugaji wa paka la Ulaya, FIFe, likamtambua rasmi kuwa aina. Jina lake ni Sokoke.

Madoa yake si ya mviringo. Ni mabaka mapana yaliyojikunja ubavuni, na ndani ya kila baka nywele zenyewe zina rangi mbili tatu, kwa hiyo baka halikolei weusi. Linaonekana kama kitu kilichochorwa kwa mkaa kisha kikanyunyiziwa unga wa muhogo. Ukimweka kwenye shina la mti unampoteza. Wagiriama walikuwa na jina lake, khadzonzo, na inaelezwa kwamba linamaanisha kufanana na gome la mti. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, anatembea kama anayenyemelea kwa ncha za vidole. Macho ni ya kaharabu au kijani. Uzito ni wa kawaida kabisa, kilo tatu hadi tano hivi. Manyoya yamelala karibu na ngozi, hayana pamba ya chini, kwa hiyo baridi ya Ulaya inamsumbua. Mwili wake umeshonewa joto. Wafugaji husimulia kwamba hushikamana sana na mtu na wenzake, na kwamba madume hukaa karibu na watoto, jambo ambalo paka wengi madume hawana habari nalo.

Alipoanza kufahamika, wengi walidhani ni mnyama wa msituni. Jina lenyewe la msitu liliwasaidia kudhani hivyo. Vipimo vya vinasaba vikaja kusema kinyume: ni paka wa nyumbani, ndugu wa karibu wa paka wa mitaani wa pwani ya Kenya, wale wa Lamu wanaolala kwenye baraza za mawe, na ukoo wao unaegemea upande wa paka wa Asia. Mtu wa pwani hatashangaa. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalibeba tende, vitambaa na vyombo, na penye nafaka melini pana panya, na penye panya pana paka. Hata lile baka lililojikunja lina safari yake. Watafiti waliochunguza mifupa ya paka wa kale walieleza mwaka 2017 kwamba karne na karne paka walikuwa wa mistari tu. Mchoro wa mabaka uliwatokea kwa mara ya kwanza kwenye mfupa wa karne ya 14, katika nchi ya Waturuki wa Osmania.

Kwa hiyo huyu paka adimu, anayehesabiwa miongoni mwa aina chache kabisa duniani, alikuwa paka wa kienyeji. Nataka kulisema hili polepole. Sisi tuna maneno mawili: kuna ng'ombe wa mbegu na ng'ombe wa kienyeji, kuku wa mbegu na kuku wa kienyeji. Tukisema mbegu tunamaanisha cha thamani, kilichotoka mbali. Tukisema kienyeji tunamaanisha kilichojiotea. Sokoke alikuwa chini ya minazi ya Wagiriama, ana jina kwao, watoto wanamfukuza jikoni kwa mwiko, na hakuna kilichobadilika mwilini mwake siku alipoitwa aina. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikaa akamtazama, akaandika nani kamzaa nani, akaandika tena. Simlaumu Slater, kutazama kwa makini ni kazi ya heshima, na bila yeye huenda paka hao wangeyeyuka ndani ya wengine bila mtu kujua. Ninachoumia ni kwamba sisi tuliokuwa nao hatukudhani kwamba wanastahili kutazamwa. Na kwamba leo kijana wa Kigoma akiona madoa, moja kwa moja anafikiria mondo wa kuuza Dar.

Wakati mwingine nikitembea kwenye barabara ya zamani ya msafara hapa Ujiji, chini ya maembe, napenda kuwaza kilichofika kwa miguu kutoka pwani kupitia Tabora: embe zenyewe, kanzu, Kiswahili tunachoongea. Mizigo ya nafaka na vitambaa, miezi kadhaa njiani. Na kwenye mzigo mmoja, kikapuni, labda nyau mmoja wa Bagamoyo akilia njia nzima. Mama yake Chui alitoka wapi, kama si kwenye uzi wa namna hiyo?

Nilimpeleka Chui kwa bwana mifugo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Alimshika shingoni kwa ustadi, akamchoma, akajaza kadi. Jina: Chui. Jinsia: jike. Rangi: madoadoa. Aina: kienyeji. Nimeihifadhi kadi hiyo ndani ya msahafu wa Bibi, alikoniambia niiweke, na nyuma yake nimeandika kwa kalamu yangu tarehe aliyozaliwa na rangi za ndugu zake watatu. Mwezi Mei akazaa, nikaongeza mistari minne.

Wawili ni wa mistari. Mmoja ana madoa, yaliyo wazi kuliko ya mama. Wa nne ni mweusi tii.

Walipofikisha miezi miwili jirani yetu alipanda kutoka bondeni. Panya walikuwa wameingia kwenye mahindi yake ya mbegu. Alimwamkia Bibi, akakaa kigodani safari hii, akawatazama watoto wakigombania kipande cha gamba la mchikichi.

"Nimeona mama yao anavyopita kati ya kuku wangu," akasema. "Anapita tu." Kisha akanyamaza kidogo. "Nipeni mmoja. Ila asiwe wa madoa, Bi Mkubwa. Moyo haujakubali."

Bibi akamwambia achague. Akamchukua mweusi. Nilimwuliza kama haogopi, maana watu wengi hapa paka mweusi hawamtaki ndani. Akasema babu yake alikuwa na mweusi, na mahindi ya babu yake hayakuwahi kutobolewa.

Alitoka naye uani akiwa amemweka kifuani. Jua la saa nne lilikuwa limefika kwenye michikichi, likampiga yule mtoto ubavuni, na pale juani weusi wake ukalegea. Chini yake yakaonekana madoa, hafifu, ya rangi ya kahawa iliyoungua, yamejipanga vile vile kama ya mama yake. Jirani akasimama. Akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, akapitisha kidole juu ya moja, kisha la pili.

Sikusema kitu. Bibi naye alikuwa kimya, ungo mapajani.

Jirani akavuta ncha ya kanga yake akamfunika mtoto kichwa, jua lilikuwa kali, akashuka naye bondeni.